Zingefuri

Kikundi chetu hapa Wete kina kanzu nyeupe moja tu,
na mfuaji wake ni mimi.
Damu pia naipika mimi: mbegu za zingefuri,
sukari, maji, unga wa muhogo kidole kimoja
ishike kitambaa, isichuruzike kama chai.

Faki Kombo ndiye muuaji.
Mchana yuko bandarini anagonga mihuri,
usiku anamuua ndugu yake.

Onesho la kwanza halina damu.
Kuna kamba ya kupandia mkarafuu,
imekatwa nusu, ikapakwa udongo pale palipokatwa.
Nyuma ya pazia mtoto Asaa anaangusha gunia la mchanga.
Puu.
Faki anatoka na kanzu nyeupe pe,
analia kuliko wafiwa wote,
na waliokaa mbele wanapenga kamasi pamoja naye.

Halafu anakuja mchumaji ambaye hakuona kitu.
Ameifuata kamba yake, basi. Ilikuwa ya kuazima.
Kisu. Tone moja kwenye pindo la mkono.
Tone hilo nalijua, linatoka kwa ndimu na jivu.

Halafu mama aliyemwona mchumaji akiingia, asimwone akitoka.
Halafu mwana wa yule mama. Hapo ni panga,
na damu ni mkono mzima, kifua, hadi nakshi ya shingoni,
na Asaa anaangusha gunia mara saba
ambazo Faki peke yake anatakiwa azisikie.

Usiku wa kwanza nilimuuliza:
Huyu kijana, Faki, kakosa nini?
Akawaza, kitambaa cha jasho shingoni.
Sijui, Mize. Haikuandikwa.
Wa kwanza nilimuua kwa mikarafuu.
Wa pili nilimuua kwa ajili ya wa kwanza.
Baada ya hapo naona tu mkono uko juu,
nauteremsha.

Nimekaa na beseni kati ya magoti.
Maji ya kwanza mekundu. Ya pili mekundu.
Ya tatu yana rangi ya ulimi wa mtoto.

Mwaka ule wa mvua nyingi nilitia dole gumba
kwenye karatasi isemayo dada yangu Raya
ameniuzia mikarafuu saba, ile ya upande wa mto.
Hakuniuzia. Alikuwa amelazwa Chake,
hajui asubuhi wala jioni.
Wino ulitoka kwa sabuni siku ile ile.
Nilishangaa ulivyotoka upesi.

Mzee Shaame, aliyetuonesha mipaka tungali watoto,
akaanza kuuliza, taratibu, kama anayetafuta sindano.
Nikasema penye watu, kwenye hitima,
maskini Shaame, siku hizi anachanganya mambo.
Sikusema zaidi.
Watu wakaacha kumsikiliza
hata akisema mvua inakuja, na mvua ikaja,
na mpunga wao ukalowa kwenye majamvi.
Amekufa Mfunguo Tatu. Nilipika wali wa matanga,
nikalia mpaka nikashikwa mabega.

Jana bintiye Raya, Salhina, yule anayesoma Unguja,
kaja na daftari. Mama mdogo, ile karatasi iko wapi?
Nikamkaribisha maji. Nikamtazama anavyokunywa,
shingo yake nyembamba, kucha zake za hina,
na kabla hajarudisha gilasi
nilikwisha jua nitasema nini juu yake, na nimwambie nani:
wasichana wa huko mjini, tena peke yao, nyumba za kupanga...
Neno lilikuwa tayari mdomoni.
Sikulitafuta.

Kanzu nimeianika uani. Mshono bado una wekundu.
Kesho ndiyo mwisho wa maonesho,
Faki ameniomba damu iwe nyingi zaidi.

Usiku wa manane kitu kimeanguka, puu, upande wa mto.
Nazi hiyo, nikajiambia, nikajifunika kanga hadi usoni.

Upande ule hatuna minazi.